Maswali ya Wasomaji: Kushuka Rhine, Kusimama Ndiyo Kazi

Barua za toleo hili zimeelekea upande mmoja, mto Rhine wa Ujerumani, na nyingi zimetoka kwa watu wanaojua maji. Jambo moja kabla ya majibu. Kandokando ya Rhine kuna mbao kubwa zenye namba za kilomita. Hesabu inaanza na 0 kwenye daraja la mji wa Konstanz, na inaongezeka kadiri mto unavyoshuka kwenda baharini Uholanzi. Mainz ni kilomita 498, Koblenz 592, Köln 688. Manahodha wa huko wakiitana redioni hutaja kilomita, nasi tutafanya vivyo hivyo.

Rafiki yangu anayeishi Mainz amenunua boti ya faiba ya mita 6, injini ya nguvu za farasi 40. Anataka nimsaidie kuishusha hadi Köln. Mimi nimezoea bahari, na kushuka na maji naona ni kazi nyepesi, mkondo si unakupeleka wenyewe? Kuna la kujihadhari?
*Nahodha wa boti ya abiria, Msangamkuu*

Mkondo unakupeleka kweli, nahodha, na shida inaanzia hapohapo, maana utakupeleka hata pale usipotaka kwenda.

Leseni kwanza. Katika sehemu kubwa ya mito ya Ujerumani boti yenye injini isiyozidi nguvu za farasi 15 haihitaji leseni, lakini Rhine ina kikomo chake: 5. Kwa injini ya 40, rafiki yako lazima awe na cheti kinachoitwa Sportbootführerschein Binnen na awe ndani ya boti kama nahodha anayewajibika. Wewe utashika usukani chini yake. Bia pia ina hesabu yake, na polisi wa majini hupima pumzi kama trafiki wa barabarani.

Sasa mkondo. Kati ya Bingen na St. Goar mto unabanwa na milima, na maji yakiwa ya kawaida hukimbia kilomita 7 hadi 10 kwa saa. Mwendo wake ni kama maji ya bamvua yanayotoka kwenye mlango wa ghuba, ila huu haugeuki. Hakuna kungoja maji yajae ndipo urudi. Tuseme boti yako inakata maji kwa kilomita 10 kwa saa na mkondo una 8. Unasogea kwa 18. Ukiona nguzo ya daraja mbele na kuondoa mkono kwenye mafuta, boti inalala juu ya maji, usukani unakufa kwa sababu hakuna maji yanayopita kwenye propela, lakini nguzo bado inakujia kwa 8. Mzoefu wa bahari hukosea hapa: akiogopa, hupunguza. Kwenye Rhine ukishuka, amua njia mapema, kisha shikilia mwendo wa kukutosha kugeuza.

Kufunga gatini ndiko kunakotaka nidhamu zaidi. Usilielekee gati omo, yaani mbele ya boti, likitazama mto unakoshuka. Ili usimame hapo ungelazimika kurudisha nyuma kwa nguvu sawa na mkondo, na boti ndogo ikirudi nyuma haishiki njia. Tezi, yaani nyuma ya boti, litavutwa pembeni na utagonga kwa ubavu. Fanya hivi: lipite gati ukiwa mbali na ukingo, tazama nyuma na mbele kama hakuna meli, kisha geuka duara zima mpaka omo litazame mto unakotoka. Hesabu kwamba wakati unageuka maji yanakushusha mita 100 au zaidi, hivyo gati litabaki upande wa juu wa mto. Panda polepole mpaka mwendo wa injini ulingane na mkondo. Hapo boti imesimama ukiipima kwa ukingo, huku usukani ukiwa hai kabisa. Elekeza omo kidogo upande wa gati, na mkondo wenyewe utakusogeza pembeni. Kamba ya omo inatangulia kufungwa, ya tezi inafuata. Wakati wa kuondoka, tezi hufunguliwa kwanza na omo mwisho. Ukifungua omo mapema, mkondo unaingia kati ya boti na gati na kukugeuza kabla hujakaa vizuri kwenye usukani.

Nanga iwe juu ya sitaha, kamba yake imekunjwa bila mafundo, mwisho wake umefungwa omoni. Injini ikizima, nanga ndiyo breki uliyobaki nayo, na hutakuwa na dakika tano za kuitafuta chini ya mizigo. Jitahidi uiteremshe nje ya njia ya meli. Usiiteremshe tezini hata kama ndiko uliko: tezi la boti ya faiba ni la chini na pana, mkondo utapanda juu yake na kujaza boti.

Meli za mizigo ni jambo jingine. Ya kawaida ina urefu wa mita 110 na upana wa mita 11 na nusu hivi, na ikiwa inashuka inahitaji karibu nusu kilomita kusimama. Kisheria boti chini ya mita 20 ndiyo inayopisha. Meli inayopanda ndiyo inayochagua ipishane upande gani na inayoshuka, kwa sababu inayopanda ina nafasi ya kupunguza. Ikitaka zipishane kulia kwa kulia, inasimamisha upande wake wa kulia ubao wa buluu wenye taa nyeupe inayomweka. Ubao huo haukusemeshi wewe mwenye boti ndogo, lakini unakuambia kwamba meli ile inaenda kubana ukingo ulio kushoto kwake, yaani kulia kwako. Ondoka huko mapema. Kati ya Oberwesel na St. Goar, kwenye kona za Loreley, kuna taa za kuziarifu meli zinazopanda kama kuna inayoshuka. Anayeshuka hawekewi taa. Redio ya VHF si lazima kwa boti ndogo, lakini chaneli 10 ndiyo wanayozungumzia wao kwa wao, na kuisikiliza pale ni bora kuliko macho. Ikiwemo, anayeitumia awe na cheti cha redio.

Chini ya madaraja, ubao mmoja wa njano uliosimama kwa ncha yake maana yake pita, lakini mwingine anaweza kuja mbele yako. Mbao mbili za njano: pita hapa, wa mbele haruhusiwi. Mwekundu-mweupe-mwekundu: usipite. Na jihadhari na kuta fupi za mawe zinazotoka ukingoni kuingia mtoni. Zimejengwa kusukuma maji katikati ili njia ya meli ijichimbe yenyewe. Maji yakiwa machache unaziona. Yakipanda zinafunikwa na kung'oa propela za wageni.

Umbali wenu ni kilomita 190. Msiulazimishe siku moja, laleni Koblenz.

Mwanangu anasoma Köln na nitamtembelea. Nitashukia uwanja wa ndege wa Frankfurt. Nimesikia kuna meli za abiria kwenye Rhine. Je, naweza kwenda nayo mpaka Köln? Magoti hayanipi raha, na mimi si mtu wa baridi.
*Mama wa mwanafunzi, Mtanda, Lindi*

Shikamoo mama. Njia nzima kwa meli ya siku moja haipo kwa mpangilio unaomfaa msafiri wa kawaida, na kwa kuikosa hukosi mengi. Uzuri wote umekaa kati ya Bingen na Koblenz, bonde ambalo UNESCO ililiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2002. Panda treni kutoka uwanja wa ndege hadi Mainz, kisha nyingine hadi Bingen. Angalia hapa: Bingen ina stesheni mbili. Shuka ile inayoitwa Bingen Stadt, ndiyo iliyo karibu na gati. Stesheni kuu iko mbali kwa mtu mwenye magoti. Meli za kampuni ya KD, yenye mizizi ya mwaka 1826, hufanya safari hii kuanzia majira ya kuchipua mpaka Oktoba. Majira ya baridi usizitegemee.

Chagua kushuka, usipande. Kutoka Rüdesheim, ng'ambo ya Bingen, hadi Koblenz ni kama saa 4. Njia hiyohiyo kwa kupanda huzidi saa 6, meli ileile, injini ileile. Kutoka Koblenz treni ya kwenda Köln inachukua kama saa moja. Gati la Koblenz liko mtoni na stesheni iko mjini, hivyo tafuta basi au teksi.

Kuhusu magoti: magati ya Rhine yanaelea, yanapanda na kushuka na maji, na daraja dogo la kuingilia linaegemea juu yake. Maji yakiwa mengi daraja linalala sawa, yakipungua mwishoni mwa kiangazi linakuwa mteremko mkali. Mei na Juni kwa kawaida maji yanatosha. Meli husimama dakika chache tu kwenye kila kituo, kwa hiyo inuka ukaribie mlango mapema. Usishangae mara nyingine ikizunguka mto mzima kabla ya kufunga. Ni kazi ileile tuliyomweleza nahodha wa Msangamkuu.

Beba sweta hata Juni, maana juu sitahani upepo haukatiki. Kati ya Mainz na Koblenz hakuna daraja hata moja, watu na magari huvuka kwa vivuko, kama Kitunda. Itazame ngome ndogo nyeupe iliyosimama katikati ya maji pale Kaub, kilomita 546, kisha jabali la Loreley, kilomita 554, upande wa kulia. Kwenye orodha ya chakula, popote panapoandikwa Schwein ni nyama ya nguruwe. Viza ni ya Schengen, inaombewa ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam, na bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000.

Nilisoma kwamba mwaka 2018 Rhine ilifika sentimita 25 pale Kaub na meli bado zilipita. Meli gani inaelea kwenye sentimita 25? Na kwa nini mto ule unabeba meli wakati Ruvuma yetu haibebi?
*Mkulima wa korosho, Newala*

Sentimita 25 si kina cha maji. Kipimo cha Kaub ni rula iliyosimikwa ukingoni, na sifuri yake iko juu kuliko sakafu ya njia ya meli. Manahodha wana hesabu yao: rula ikisoma sentimita 78, njia ya meli ina kina cha mita 1.90. Kwa hiyo chukua namba ya rula, toa 78, ongeza 190. Oktoba 2018 ilikuwa 25 toa 78 ongeza 190, sawa na sentimita 137. Meli yenye tumbo bapa ikiwa karibu tupu inapita hapo. Iliyojaa inahitaji mita 3 na zaidi, na ndipo utaelewa hasara: mzigo wa meli moja unagawanywa kwenye tatu au nne, na nauli ya kila tani inapanda. Mwaka ule kiwanda cha kemikali cha BASF kule Ludwigshafen, juu ya Kaub, kilipunguza uzalishaji. Kaub ndipo mahali pafupi zaidi kwa kina, na anayetaka kwenda mbali juu ya mto anapakia kwa kipimo cha Kaub hata kama bandari yake mwenyewe ina maji tele.

Upande wa pili pia una kikomo. Rula ya Kaub ikifika mita 4.60 meli zinapunguza mwendo na kukaa katikati ya mto, ikifika 6.40 usafiri unafungwa. Köln namba hizo ni 6.20 na 8.30.

Ruvuma na Rhine zinatofautiana kwa chanzo cha maji kwanza. Ruvuma inategemea mvua za msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili hivi, kisha inabaki mchanga na vijito. Rhine inapata mvua mwaka mzima, inapata theluji ya milima ya Alpi inayoyeyuka Mei na Juni, na Ziwa Konstanz linapokea maji hayo na kuyaachia taratibu. Halafu kuna mkono wa binadamu. Kuanzia 1817 mhandisi Johann Gottfried Tulla aliongoza kazi ya kunyoosha mto kati ya Basel na Bingen. Ilikamilika mwaka 1876, yeye akiwa ameshafariki, na mto ukafupika kwa kilomita 81. Mto ulionyooshwa unakimbia zaidi, unachimba sakafu yake, na mafuriko yanafika mijini haraka kuliko zamani. Hilo la mwisho wanalilipia mpaka leo. Anayetamani Ruvuma inyooshwe aanze kwa kuwauliza wanaoishi mdomoni mwa mto.

Nina boti ya mpira ya kupuliza na injini ya nguvu za farasi 5. Ndugu yangu Koblenz anasema Rhine inaruhusu bila leseni. Nikienda nayo itanitosha?
*Mvuvi, Mikindani*

Kwa sheria inaruhusiwa. Kwa fizikia ni tiketi ya kwenda tu. Injini ya 5 inasukuma boti ya mpira yenye watu wawili kilomita 8 au 9 kwa saa, na penye mkondo wa 8 utaunguza mafuta ukitazama mti uleule ukingoni. Panga mahali pa kutokea kabla ya kuingia, na rudi kwa treni. Reli zipo kingo zote mbili. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe.

Ukitaka mto wa kushuka kwa makasia bila meli kubwa, uache Rhine. Nenda Weser. Unaanzia mji wa Hann. Münden, mahali Werra na Fulda zinapokutana, na unashuka hadi Hameln, kilomita 135, bila kukutana na lango la maji hata moja kabla ya Hameln kwenyewe. Wakodishaji wa mitumbwi wapo na hukurudisha kwa gari. Hatari yake ni vivuko vya kamba visivyo na injini, vinavyosukumwa na mkondo wenyewe. Kivuko kikiwa njiani, shika ukingo usubiri kifike upande mmoja ndipo upite.

Malango ya maji tunayosikia ni nini, na anayeshuka anafanyaje ndani yake?
*Kijana wa Kitunda, Lindi*

Ni chumba kikubwa cha zege chenye milango juu na chini. Anayeshuka anaingia kukiwa kumejaa, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanatolewa mpaka yalingane na mto wa chini, mlango wa mbele unafunguliwa. Kwenye Rhine yako 10 kati ya Basel na Iffezheim, kilomita 334. Kutoka hapo mto uko huru. Mosel ina 10 kati ya Trier na Koblenz, Neckar ina 27. Kwenye mfereji wa kuunganisha Main na Danubi, uliofunguliwa 1992, yapo yanayokushusha mita 24.67 kwa mpigo mmoja.

Makosa ni mawili. La kwanza, kufunga kamba kwa fundo. Maji yanashuka, kamba haishuki, boti inaning'inia na kupinduka au kung'oa kifundo chake. Zungusha kamba kwenye nguzo mara moja, shika mwisho kwa mkono, achia kidogo kidogo, na kisu kiwe karibu. La pili, kukaa nyuma sana. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti cha zege ambacho hukioni chumba kikiwa kimejaa. Tezi likikaa juu yake, maji yakishuka litakwama pale huku omo likizama. Ukutani kuna mstari wa rangi. Tezi libaki mbele ya mstari huo.

Meli inapindukaje mtoni ambako hakuna mawimbi?
*Fundi wa boti, Lindi mjini*

Kwa shehena inayocheza. Tarehe 13 Januari 2011 meli ya Waldhof, ikishuka kutoka Ludwigshafen kwenda Antwerp na tani 2,400 hivi za asidi ya salfuriki, ilipinduka karibu na Loreley wakati maji ya mto yakiwa mengi. Mabaharia wawili kati ya wanne walipoteza maisha. Uchunguzi ulikuta kwamba kwa jinsi ilivyopakiwa haikuwa na uthabiti wa kutosha: matangi hayakujazwa hadi juu, na kwenye kona kimiminika kilikimbilia upande mmoja. Kwa boti unazotengeneza, tanki pana la mafuta ligawe kwa kuta za ndani zenye matundu, na maji ya ngamani, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, yasiachwe yakasafiri.

Maboya ya mtoni yana rangi kama zetu?
*Mwanagenzi wa unahodha, Shangani, Mtwara*

Ukishuka mto, mekundu yawe kulia na ya kijani kushoto, sawa na unavyotoka bandari ya Mtwara kwenda bahari kuu. Ukipanda, geuza. Mekundu yana umbo la pipa, ya kijani yana umbo la koni. Yenye mistari ya rangi zote mbili yanaonyesha njia inagawanyika, mara nyingi kwa sababu ya kisiwa. Mengi hayana taa, na mkondo ukiwa mkali boya hulala ubavu na kujificha nusu majini, kwa hiyo litafute kwa povu linaloacha nyuma yake. Kulifungia boti ni marufuku.